Kwa Nini Sote Shika Adabu Twataka Toyota, na Jinsi ya Kuilipia Bila Kulizwa

Simama stejini Shika Adabu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado na adabu, uhesabu magari yanayopita kuelekea feri. Hiace ya abiria, manamba ananing'inia mlangoni. Probox imejaa magunia hadi kioo cha nyuma hakionekani. Fielder nyeupe ya mwalimu. Noah ya harusi ya jana, maua bado yamebandikwa kwenye boneti. Vidole vitakwisha kabla Toyota hazijaisha.

Sisi tulisimama hapo juzi, chai ya tangawizi mkononi, tukiwa na sababu. Wateja wetu wengi wa upande huu wa Likoni, wakituuliza habari ya malipo makubwa kwa simu, mwisho wa swali ni gari. Na gari lenyewe, mara nyingi, ni Toyota. Basi leo tumeamua kuzungumza yote mawili kwa pamoja: hii Toyota ni nini hata tukaipenda hivi, na pesa zako zikitoka kwenye simu kuifuata, zifuate njia gani zisipotee.

Tuanze na mteja mmoja ambaye zake zilipotea. Ametuomba tusitaje jina lake, lakini kisa tukieleze, maana, kwa maneno yake, "mimi nshalia, wengine wasilie."

Elfu arubaini ya siku mia moja

Ni kijana wa hapa hapa Shika Adabu. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la mtu, akibeba mboga na matunda kutoka soko la Kongowea, kuvuka feri, hadi kwenye maduka na vibanda vya huku kwetu. Kila jioni alitoa mia nne kwenye ujira wake, akaziweka akiba. Alipofikisha laki mbili na nusu, akaanza kutafuta gari lake mwenyewe. Alitaka Probox tu, hakutaka jingine.

Akaliona kwenye Facebook. Probox ya rangi ya fedha, safi, shilingi 380,000. Bei ilikuwa chini mno ukilinganisha na nyingine alizoziona, lakini sababu ilikuwepo: mwenyewe anahama nchi, gari limeshafika bandarini, na lisipotolewa kufikia Ijumaa ada za kuhifadhi zitapanda. Isitoshe, wanunuzi wengine watatu wanalitaka. Atakayetangulia kutuma arubuni ya elfu arubaini ndiye mwenye gari.

Alipomwambia mamake, ambaye huuza viazi karai karibu na steji, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Mama, nishapata gari."

"Umeliona?"

"Liko bandarini, mama. Nimeona picha."

"Mwanangu, nimekuuliza umeliona. Sikukuuliza umeona picha."

Hakumsikiliza. Alituma. Jina lililotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha lilikuwa la mwanamke, na aliyekuwa akizungumza naye ni mwanamume. Aliuliza, akaambiwa huyo ni mhasibu wetu. Kesho yake akaombwa elfu ishirini na tano zaidi "za kutolea gari getini." Hapo ndipo moyo ulipomdunda. Akaomba akalione gari kwanza. Simu ikazimwa.

Alitupigia usiku. Pesa zilikuwa zimetolewa kwa wakala dakika chache tu baada ya kuingia. Hatukuweza kuzirudisha, na tunaliandika hili wazi kwa sababu wengi hudhani kampuni ya pesa za simu inaweza kurudisha chochote wakati wowote. Pesa zikishatolewa taslimu hatuna cha kushika. Tulichoweza ni kuipokea ripoti, kumwelekeza polisi akaandikishe, na kusaidia uchunguzi.

Elfu arubaini, kwa mia nne kila siku, ni siku mia moja za kazi. Ndizo zilizokwenda.

Kisa chake tutakirudia. Kwanza tuulize: ni kitu gani kilichomfanya kijana mwerevu, dereva, anayejua magari, afungwe macho na jina Toyota?

Vyaelea vimeundwa

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Toyota haikuanza na gari. Ilianza na kitambaa.

Sakichi Toyoda alizaliwa Japani mwaka 1867, mtoto wa seremala. Wanawake wa kijijini kwao walikuwa wakifuma vitambaa kwa mkono, kazi ya kuvunja mgongo, naye akaingiwa na hamu ya kuwatengenezea mtambo bora. Mwaka 1891 alipata hataza yake ya kwanza ya mtambo wa kufumia. Akaendelea kuuboresha hadi mwaka 1924 ulipokamilika mtambo uitwao Type G, uliojiendesha wenyewe.

Sikiliza sasa jambo lililoufanya mtambo ule uwe wa ajabu. Uzi mmoja ukikatika, mtambo ulisimama wenyewe. Mitambo mingine iliendelea kufuma, ikitoa kitambaa kibovu mita kwa mita hadi mtu atokee kuuzima. Huu ulisimama papo hapo, kosa likarekebishwa, ndipo kazi ikaendelea. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, waliokuwa mabingwa wa mitambo ya nguo duniani, walinunua haki ya kuutengeneza.

Mwanawe Sakichi, Kiichiro, ndiye aliyekuwa na kichaa cha magari. Mwaka 1933 alianzisha idara ya magari ndani ya kiwanda cha mitambo ya kufumia. Lori lao la kwanza, G1 la mwaka 1935, liliharibikaharibika njiani, na watu wa kampuni wakawa na kazi ya kulifuata na kulitengeneza. Usione Hilux ya leo ukadhani walizaliwa wakijua. Mwaka 1936 likatoka gari dogo la kwanza kuuzwa, Model AA, na tarehe 28 Agosti 1937 Toyota ikawa kampuni kamili inayojitegemea.

Na kwa nini Toyota, si Toyoda? Jina la ukoo, Toyoda, kwa maana yake ni mashamba tele ya mpunga. Mwaka 1936 walilibadilisha likawa Toyota, ambalo kwa maandishi ya Kijapani huandikwa kwa mikato minane, na nane kwao ni nambari ya bahati.

Bahati lakini haikuwafikisha mbali. Baada ya vita vikuu, kampuni ilikuwa na magari yasiyolipiwa na madeni yaliyojaa. Mwaka 1950 ilikaribia kufilisika. Benki zikaiokoa kwa masharti, wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi, mgomo ukatokea, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Mwezi huo huo wa Juni vita vya Korea vikaanza, jeshi la Marekani likaagiza malori, na kampuni ikapumua. Kiichiro hakuishi kuona matunda: alifariki mwaka 1952. Lakini kampuni haikuisahau ile aibu ya kukosa pesa. Kwa miaka mingi baadaye ilijulikana kwa kuweka akiba kubwa, hata Wajapani wakaipa jina la utani, Benki ya Toyota.

Ndani ya kiwanda, mhandisi Taiichi Ohno akaunganisha mawazo mawili. La kwanza lilikuwa la Kiichiro: sehemu ifike inapohitajika, kwa wakati inapohitajika, isirundikwe stoo. Ohno alivutiwa na maduka makubwa ya Marekani, ambako mteja huchukua kitu kwenye rafu na mwenye duka hujaza kile tu kilichochukuliwa. Mwenye kibanda yeyote Shika Adabu anaielewa hesabu hiyo: hujazi nyanya za wiki mbili. La pili lilikuwa la Sakichi: kosa likitokea, simama. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa jana, ana kamba juu ya kichwa chake. Akiona kasoro, anaivuta. Wasimamizi wanakuja mbio, na kosa lisiporekebishwa, mstari mzima unasimama.

Iweke kamba hiyo akilini. Tutaihitaji huko mbele.

Ilivyofika kwetu

Land Cruiser ilianza mwaka 1951 ikiitwa BJ, ikapewa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Corolla ikatoka 1966, Hiace 1967, Hilux 1968. Lakini kwetu Afrika Mashariki, wazee watakwambia miaka ya sitini na sabini enzi ilikuwa ya Pijo, Land Rover na Datsun. Hata Safari Rally, Datsun ndiyo iliyotamba, na Shekhar Mehta akaishinda kwa Datsun mara kadhaa.

Toyota ilianza kuchukua zamu yake mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda Safari kwa Celica. Ikashinda tena 1985 na 1986. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda, naye kwa Celica, na redio zikawaka. Mbio hizo ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, Toyota ilishinda mwaka huo, na kila mwaka uliofuata hadi 2025. Mtu aliyelala na redio sikioni akisikiliza mbio hizo utotoni, akikua hatauliza gari gani lina nguvu.

Lakini mbio si kitu kilichoijaza Toyota barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga. Kilichoijaza ni mitumba. Miaka ya 1990 serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji na ya fedha za kigeni, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandari ya Mombasa. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani kulia. Na kwao kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari jipya la kibinafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na gharama yake inauma. Wengi huona heri kuliuza gari likiwa bado zima. Gari linalomchosha Mjapani kwa gharama, kwetu ni jipya.

Sheria ya Kenya nayo inakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Ndiyo maana kila Januari mwaka mmoja unaanguka: mwaka 2025 yaliruhusiwa magari ya 2018 kuja mbele, na mwaka 2026 ni ya 2019 kuja mbele. Ukiambiwa gari "limetoka meli juzi" na mwaka wake haumo, jua kuna uongo mahali.

Zaidi ya mitumba, zipo zinazounganishwa hapa hapa. Ng'ambo yetu, Miritini, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers huunganisha Land Cruiser. Kwa hivyo ile Land Cruiser ya polisi inayokusimamisha Ng'ombeni huenda ikawa Mmombasa kuliko wewe.

Mapenzi haya hayana mpaka. Dar es Salaam Hiace ziliitwa vipanya, na leo ukitaja gari la kijana anayeanza maisha kule, ni IST. Uganda Hiace ya paa la juu huitwa drone. Sisi tuna vituko vyetu: abiria wa Kenya anaweza kushuka kwenye Hiace akakwambia amekuja na "Nissan."

Fundi anasema nini

Tulimwendea fundi mmoja mzee, anafanya kazi chini ya mwembe, si mbali na steji. Tulimkuta amelala chini ya Probox, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo, mzee. Kwa nini watu hawataki gari jingine?"

"Marahaba. Nyie mwauliza kwa nini mwenye njaa ataka wali." Akatoka, akafuta mikono. "Hii gari ikiharibika saa nne, saa sita ishapata spea. Hiyo nyingine nzuri ya kizungu, ikiharibika saa nne, mwenyewe aja kuniuliza kama nina namba ya mtu Nairobi."

Ndilo jibu lenyewe. Probox ilitoka Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, la kubebea mizigo ya makampuni na wachuuzi. Injini yake ya lita 1.5, ile 1NZ-FE, ndiyo iliyowekwa pia kwenye Fielder, Axio, Allion, Vitz na IST za lita hiyo. Fundi akijua moja, amejua nyingi. Duka likiweka plagi za moja, limewekea nyingi. Injini hiyo hutumia cheni mahali ambapo Corolla 110 zilitumia mkanda unaohitaji kubadilishwa kwa wakati wake, na hiyo ni gharama moja imepungua kwa mtu anayesahau.

Halafu kuna kuuza. Toyota ni kama dhahabu ya mama: ukikwama, unaiuza wiki hiyo hiyo. Mtu anaponunua Probox hapa Shika Adabu ananunua kazi, na ananunua akiba yenye magurudumu.

"Lakini," mzee akaongeza, akigonga chini ya mlango kwa bisbisi hadi kutu ikadondoka, "hii chumvi ya bahari haijui Toyota. Mwambie mtu aangalie chini, asiangalie rangi."

Sifa si dhamana

Hapa ndipo tunapotaka utusikilize, maana jina zuri ndilo linalotupumbaza.

Toyota yenyewe imewahi kukosea. Mwaka 2009 na 2010 iliyaita magari mamilioni kurekebishwa kwa sababu ya pedali za mafuta na mazulia ya sakafuni, na Februari 2010 mkuu wake, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro... la, tusiharakishe: Sakichi alimzaa Kiichiro, Kiichiro akamzaa Shoichiro, Shoichiro akamzaa Akio. Basi mjukuu wa Kiichiro ndiye, na alisimama mbele ya bunge la Marekani akaomba radhi. Desemba 2023 Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, ilikiri kwamba ilichezea majaribio ya usalama kwa miaka mingi. Waliovumbua kamba ya kusimamisha kosa, nao kuna siku hawakuivuta.

Na kuanzia 2020 hadi 2024 kundi la Toyota liliongoza dunia kwa mauzo ya magari, mwaka baada ya mwaka. Tapeli anajua hivyo. Hatangazi gari lisilojulikana, anatangaza Probox, Fielder, Premio, Noah. Anajua ukiona jina hilo na bei hiyo, nusu ya kazi yake imekwisha.

Vuta kamba: mambo saba kabla ya kutuma

Kila hatua hapa chini ni uzi. Ukikatika mmoja, simama. Usiseme nitarekebisha mbele.

*Moja: lione gari, si picha.* Liguse. Linganisha nambari ya chesi iliyo kwenye gari na iliyo kwenye karatasi. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mlipe fundi huyo. Elfu mbili za fundi ni nafuu kuliko laki tatu za majuto. Kama gari limeingia karibuni, omba cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, kina kilomita zake. Zikiwa nyingi kwenye cheti na chache kwenye dashibodi, umepata jibu.

*Mbili: tafuta mwenyewe ni nani.* Kwa akaunti yako ya eCitizen, kwenye huduma za NTSA, weka nambari ya gari, lipa ada, upate kumbukumbu zake: jina la mmiliki, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikishwa juu ya gari hilo. Gari la mkopo likiuzwa kabla ya deni kuisha, mwenye deni atalifuata lilipo, hata likiwa uani kwako. Fanya utafutaji huu mwenyewe. Usipokee picha ya skrini kutoka kwa muuzaji.

*Tatu: jina kwenye skrini lifanane na jina kwenye mkataba.* Kama ni yadi, lipa kwa nambari ya paybill au till ya biashara hiyo, usome jina linalotokea kabla hujamaliza. Kama ni mtu binafsi, jina liwe la mmiliki yule yule uliyemwona kwenye kumbukumbu za NTSA na kwenye kitambulisho. "Mhasibu wetu," "mke wangu," "simu yangu imeharibika," zote ni uzi uliokatika.

*Nne: arubuni iwe na karatasi.* Andikeni mkataba, ikiwezekana mbele ya wakili: bei, arubuni, tarehe ya kumaliza, na nini kitatokea kwa arubuni mmoja akighairi. Ujumbe wa muamala uhifadhi, nambari yake uiandike ndani ya mkataba.

*Tano: jua vikomo.* Kwa pesa za simu hapa Kenya, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku hauzidi 500,000. Wengine hutafuta njia ya mkato kwa kutumia simu za jamaa watatu. Tunakusihi usifanye hivyo. Kukitokea ugomvi, utathibitisha vipi kwamba pesa za shangazi zilikuwa za gari lako? Kiasi kikubwa kipitishe benki hadi benki, au kigawe kwa siku mbili kwa nambari yako mwenyewe na mkataba uyataje malipo hayo.

*Sita: usimalizie salio kabla ya uhamisho kuanza.* Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, wewe unauthibitisha kwenye yako. Kaeni pamoja, simu zote mbili mezani. Kuachiwa logbuku ya mtu mkononi, gari likabaki kwa jina lake, ni kulala kwenye kitanda cha kukodi.

*Saba: haraka ya mtu mwingine isiwe yako.* Ijumaa yake, wanunuzi wake watatu, ada zake za bandari, hayo yamwache yeye. Nambari yako ya siri usimpe yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wetu. Sisi hatuiombi kamwe.

Na ukiwa tayari umetuma na moyo unakudunda, usione haya. Tupigie dakika hiyo hiyo, si kesho, si baada ya kumpigia yeye mara ya kumi. Pesa zikiwa bado ziko kwenye akaunti aliyotumiwa, kuna la kufanya. Kisha nenda kituo cha polisi, andikisha, uchukue nambari ya OB.

Jambo la ziada kwa wanaotaka Probox ya kubebea watu: gari la kibinafsi likipakia abiria wa kulipa bila leseni na bima ya usafiri wa umma, siku ya ajali bima inaweza kukataa kulipa. Hesabu gharama hiyo kabla ya kununua, usiihesabu hospitalini.

Safari ya pili

Kijana wetu alikaa wiki mbili bila kutaka kusikia neno gari. Halafu akarudi kwenye mia nne yake. Mamake hakumwambia nilikwambia. Alimwambia tu, "Ulizobakisha ni ngapi?" Zilikuwa laki mbili na elfu kumi.

Baada ya miezi minane zikawa 290,000. Sacco ikamkopesha 200,000. Chama cha mamake, kile cha kina mama wa steji, kikatoa 70,000 kwa sharti la kulipa kidogo kidogo kila Jumamosi.

Probox ya kwanza aliyoiona safari hii ilikuwa nzuri, Ukunda, muuzaji mtu mpole. Alipofanya utafutaji, akakuta jina la mkopeshaji limo. Muuzaji akasema ni jambo dogo, atalimaliza baadaye. Kijana akamshukuru, akapanda matatu akarudi nyumbani. "Niliona aibu," alituambia. "Mtu kanipokea vizuri, kanipa na maji. Lakini nikasema wallahi leo sitoi hata senti."

Ya pili ilikuwa Tiwi, ya mwalimu aliyestaafu. Bei, 560,000. Alikwenda na yule mzee fundi, ambaye alilala chini ya gari nusu saa nzima mbele ya mwenyewe bila kujali. Jina likafanana na kumbukumbu, na kitambulisho, na skrini. Alituma arubuni ya elfu ishirini siku ya kutia saini. Elfu mia tano na arubaini zilizosalia zilipita benki, muuzaji na mnunuzi wamekaa kiti kwa kiti, baada ya uhamisho kuanzishwa kwenye simu mbele ya macho yao.

Asubuhi tuliposimama stejini, alipita na gari lake kutoka feri, nyanya na ndizi hadi kwenye paa. Akasimama mbele ya karai la viazi. Mamake akaliangalia gari, akaligonga ubavuni kwa kijiti cha kugeuzia viazi.

"Hili nimeliona," akasema. "Haya, nenda, wenye maduka wakungoja."